Maswali na Majibu: Sarafu za Makaisari wa Roma

Maswali kuhusu sarafu za Roma ya kale yamekuwa yakiingia kwa wingi. Haya saba ndiyo yanayorudiwa sana. Majina ya walioandika nimeyaacha, miji yao nimeibakiza.

Nina dola 50 tu za kuanzia. Nitapata sarafu ya kweli, au haya ni mambo ya matajiri? (Mombasa)

Utapata, na chenji itabaki. Katika karne ya 3 na ya 4 Warumi waligonga sarafu ndogo za shaba kwa mamilioni, na watu walizifukia kwa kuhofia vita na wezi. Mwaka 2010, huko Somerset, Uingereza, chungu kimoja kilichofukuliwa kilikuwa na sarafu 52,503. Ndiyo maana sarafu ya Kaisari Konstantino au wanawe, inayosomeka vizuri, huuzwa dola 20 hadi 30.

Ningekushauri uanze na ile yenye maandishi VRBS ROMA, iliyoanza kutolewa mwaka 330. Mbele yupo Roma kwa umbo la mwanamke aliyevaa kofia ya chuma, nyuma mbwamwitu jike anawanyonyesha Romulus na Remus, mapacha wa hadithi ya kuanzishwa kwa Roma. Chini kabisa mna herufi ndogo zinazotaja mji ilikogongwa: TR ni Trier, CONS ni Constantinople, SMAN ni Antiokia. Herufi hizo zitafute kwenye OCRE, orodha ya mtandaoni ya American Numismatic Society. Ni ya bure na ina picha. Jifunze sarafu hiyo moja mpaka uijue ndipo ununue ya pili. Na yale mafungu ya "sarafu ambazo hazijasafishwa" achana nayo: nzuri zimeshachambuliwa kabla hayajakufikia.

Shikamoo. Mimi ni katekista. Nimeona dinari inauzwa kwa jina la "dinari ya kodi", ile aliyoonyeshwa Yesu. Ni kweli? (Songea)

Marahaba. Kaisari wa wakati ule alikuwa Tiberio, aliyetawala mwaka 14 hadi 37, na dinari yake ya kawaida (sarafu ya madini ya fedha) inajulikana: mbele kichwa chake, nyuma mwanamke ameketi ameshika fimbo na tawi, na maandishi PONTIF MAXIM, yaani kuhani mkuu. Nyingi ziligongwa Lyon, Ufaransa ya leo. Hadi hapo hakuna ubishi.

Ila dinari za Augusto, aliyemtangulia, zilikuwa bado mikononi mwa watu, na Injili inataja sura na anwani (maandishi) ya Kaisari tu, haielezi upande wa pili. Kwa hiyo muuzaji akisema "huenda ni ya aina hii", mwamini. Akisema ndiyo hasa, anakuuzia hadithi. Jina hilo la Injili ndilo linaloifikisha bei kwenye dola mia kadhaa, na ndilo linalowavuta waghushi.

Kabla ya kulipa, ulizia uzito: iliyo nzima hukaribia gramu 3.7. Kisha chukua kioo cha kukuza. Sarafu za Roma ziligongwa kwa nyundo, ilhali nyingi za bandia husubiwa kwenye kalibu, kwa hiyo tafuta mstari wa mshono kwenye ukingo, vitundu vya mapovu usoni, na herufi zilizolainika kama sabuni iliyotumika. Ukiona hata kimoja, rudisha.

Je, Afrika imo kwenye sarafu hizi, au ni Ulaya tupu? (Lubumbashi)

Imo, tena sana. Kaisari Hadrian aliadhimisha safari zake mikoani kwa sarafu zenye neno AFRICA: mwanamke amejilaza, kichwani amevaa ngozi ya kichwa cha ndovu, mkononi ana nge. (Africa hiyo ni Tunisia na sehemu za jirani, si bara zima.) Septimius Severus, aliyetawala 193 hadi 211, alizaliwa Leptis Magna, Libya ya leo. Dinari zake ni nyingi na bei yake si ya kutisha. Sababu mojawapo ya wingi huo ni kwamba alipunguza fedha halisi ndani yake hadi karibu nusu ili apate ya kuwalipa askari.

Lakini kwangu mimi hakuna inayoishinda sarafu ndogo ya shaba ya Domitian, ya mwaka 84 au 85 hivi. Haina sura ya kaisari. Ina kifaru, ameinamisha kichwa tayari kushambulia, na ana pembe mbili. Kifaru wa India ana pembe moja, kwa hiyo huyu ni wa kwetu Afrika, aliyesafirishwa mpaka Roma kwa ajili ya maonyesho. Nikiitazama namfikiria mnyama yule kwenye meli, na watu wasiojulikana majina waliomkamata. Mwaka 248, Roma ilipotimiza miaka 1,000, Kaisari Philip naye aligonga sarafu zenye simba na paa. Yenye kiboko ilitolewa kwa jina la mkewe, Otacilia Severa. Mkusanyaji wa Kiafrika akiamua kutafuta wanyama hawa tu, ana kazi ya miaka mingi na mkusanyiko wenye maana.

Medalioni ni nini hasa? Ni sarafu kubwa tu? (Dar es Salaam)

Ukubwa peke yake hautoshi. Sarafu ilitolewa izunguke sokoni, medalioni ilitolewa iwe zawadi: kaisari aliwapa maofisa, majenerali na wageni wa heshima, mara nyingi Mwaka Mpya au baada ya ushindi. Kwa sababu hiyo mafundi walipewa nafasi na muda, na kazi yao inaonekana. Medalioni za shaba za Hadrian, Antoninus Pius na Commodus ni miongoni mwa kazi bora za uchongaji wa wakati wao. Nyingi hazina herufi SC (alama ya idhini ya Seneti) zilizo kwenye sarafu za shaba za Roma, na nyingine zina kiini cha chuma kimoja na ukingo wa kingine. Za dhahabu zilipimwa kwa hesabu ya sarafu: yenye uzito wa sarafu nne, tano au kumi.

Iliyo maarufu kuliko zote ilipatikana mwaka 1922 Beaurains, karibu na Arras, Ufaransa. Ina uzito wa sarafu kumi za dhahabu. Kaisari Constantius, aliyeirudisha Britania mikononi mwa Roma mwaka 296, anaonekana juu ya farasi, merikebu iko mtoni, na mwanamke amepiga magoti mbele ya lango la mji. Chini yake imeandikwa LON, yaani London, na ukingoni kaisari anaitwa mrudishaji wa nuru ya milele. Ni propaganda ya mshindi, bila shaka, lakini imechongwa kwa ustadi wa kukuacha mdomo wazi.

Ukiuziwa medalioni kubwa, nzuri na ya bei rahisi, kumbuka jina la Giovanni da Cavino wa Padua. Katika karne ya 16 alitengeneza kwa mikono yake mfano wa za kale, na watu waliendelea kuzinakili baada yake. Nakala zake za awali zina thamani yake, ila si Roma.

Sarafu yangu ya shaba imetoa unga wa kijani kibichi. Niisugue kwa ndimu na chumvi? (Tanga)

Usithubutu! Chumvi ndiyo iliyoianzishia ugonjwa, na ndimu itakula uso wake. Utando mgumu wa kijani au kahawia hauna neno. Ni ngozi ya sarafu, na ukiuondoa umeiua thamani. Huo unga laini ndio ugonjwa, na unahitaji unyevunyevu ili uenee, jambo ambalo pwani yetu haina uhaba nalo. Itenge na nyingine, toa unga kwa kijiti cha mbao, iloweke kwenye maji yaliyokenekwa (yale ya betri za magari, si asidi yake), ukiyabadilisha mara kwa mara, kisha ikaushe sawasawa. Ihifadhi kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Ninakwenda Istanbul mara kwa mara kuchukua nguo. Nimnunulie mume wangu sarafu za kale huko? (Nairobi)

Hapana, dada. Nyingi wanazouziwa wageni ni bandia, na ukibahatika kupata ya kweli ndipo hatari inapoanza: Uturuki inahesabu vitu vya kale kuwa mali ya dola, na kuvitoa nchini bila ruhusa ni kosa la kifungo. Misri nayo ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1983. Nunua kwa muuzaji anayekupa risiti na maelezo ya sarafu ilikopita. Hata hayo maelezo yahoji. Sarafu ya dhahabu ya Brutus, muuaji wa Julius Caesar, iliuzwa London mwaka 2020 kwa zaidi ya pauni milioni 3. Karatasi zake zikagundulika kuwa za uongo, na mwaka 2023 ikarudishwa Ugiriki.

Tumeokota sarafu ya shaba ufukweni. Yaweza kuwa ya Warumi? (Kilwa)

Ni vigumu. Periplus, mwongozo wa wafanyabiashara wa karne ya 1, unaitaja bandari ya Rhapta katika pwani yetu na pembe za ndovu zake. Unataja pia bidhaa zilizoletwa: mikuki, mashoka, visu, vyombo vya kioo. Kwa Adulis, Eritrea ya leo, mwandishi anataja pesa kidogo kwa ajili ya wageni wakazi. Kwa Rhapta hataji pesa kabisa.

Angalia kama ina kichwa cha mtu. Ikiwa pande zote mbili ni maandishi ya Kiarabu, huenda mmeokota sarafu ya masultani wa Kilwa wenyewe, labda ya Ali bin al-Hasan, mmoja wao. Kwenye sarafu hizo mstari wa mbele na wa nyuma hupatana vina. Kwangu hiyo ni bora kuliko ya Roma. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inazilinda, kwa hiyo msiiuze wala kuisugua. Andikeni mlipoiokota hasa, pigeni picha pande zote mbili, kisha ipelekeni Idara ya Mambo ya Kale.