Bwawa la kuogelea katika filamu

Umeuliza kwa nini waongozaji wa filamu hulirudia sana bwawa la kuogelea. Kwa maoni yangu, ni kwa sababu maji yale yaliyotulia huonyesha utajiri wa mwenye nyumba na, papo hapo, upweke wake. Mapema kabisa katika Sunset Boulevard ya mwaka 1950, Billy Wilder anatuonyesha maiti ya mwandishi ikielea bwawani, nasi tunaitazama kutoka chini, macho yake yakiwa wazi na polisi wamesimama ukingoni. Picha hiyo, ambayo hadi leo hunisisimua, ilipigwa kwa kutumia kioo cha kujitazamia kilicholazwa chini ya maji. Katika The Graduate ya 1967, kijana aliyevalishwa vazi la mzamiaji husimama peke yake sakafuni mwa bwawa, akisikia pumzi zake tu.