Pima Spika Kwanza, Ubao Baadaye

Wewe uliyenunua spika kuukuu ya inchi 12 pale soko la Owino, Kampala, ukaitengeneza, na leo jioni unataka kumpelekea seremala vipimo vya sanduku, ngoja kidogo. Usikate ubao kabla hujaipima spika yenyewe, hiyo hiyo iliyotoka mikononi mwako.

Sanduku langu la kwanza hapa Kasese nililijenga kwa kufuata karatasi ya vipimo ya kiwanda ya miaka ya 1970. Mahesabu yalikuwa sawa, plaiwudi ilikuwa safi, lakini besi ikawa inavuma noti moja tu, wimbo wowote uweke. Iliniuma sana. Sababu niliijua baadaye: nilikuwa nimebadilisha ukingo uliooza, ule utepe laini unaoshikilia koni kwenye fremu, nikabandika wa mpira mgumu kuliko sponji ya zamani. Ukingo mgumu hupandisha mtetemo wa asili wa spika, yaani Fs, masafa ambayo koni hutetema kwa urahisi zaidi, na vipimo vingine hufuata. Karatasi ile ilikuwa inaeleza spika nyingine kabisa.

Kwa hiyo anza na matengenezo, na uyafanye bila haraka. Sponji ya ukingo huliwa na unyevu na joto. Ukiigusa inabaki vidoleni kama unga wa kunata. Ikwangue yote, hata mabaki ya gundi. Kabla ya kubandika mpya, toa kifuniko cha katikati kwa wembe na uchomeke vipande vyembamba vya filamu ya eksirei kuzunguka nguzo ya sumaku, ili koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya koni, ikae katikati gundi inapokauka. Kesho yake vitoe, weka vidole vya mikono miwili pande mbili za koni, isukume taratibu, sikio karibu. Ukisikia mkwaruzo kama mchanga, koili inagusa. Bandua uanze upya. Usijidanganye kwamba itajinyoosha yenyewe.

Kama sumaku ni alniko, usiifungue kamwe, maana hupoteza nguvu ikitenganishwa na chuma chake. Alniko ni chuma kilichochanganywa na aluminiamu, nikeli na kobalti. Vita vya jimbo la Shaba, kule Zaire (leo Kongo), vilipopandisha bei ya kobalti mwaka 1978, watengenezaji wengi wa spika walihamia sumaku za feraiti, zisizo na kobalti. Sisi tunaoishi chini ya Kilembe, ambayo mabaki ya machimbo yake ya shaba yalitoa kobalti, tuna sababu ya kuziheshimu sumaku hizo.

Sasa pima. Unahitaji simu yenye programu ya kutoa sauti ya masafa unayochagua, amplifaya ndogo, rezista ya ohm 1,000 na mita. Unganisha rezista kwa mfuatano na spika, weka mita kwenye ncha za spika, upande wa volti za AC, kisha pandisha masafa kidogo kidogo kuanzia 20 Hz. Volti zitapanda, zifike kileleni, zishuke. Masafa ya kilele ndiyo Fs. Upana wa kilele hicho hutoa Qts, yaani kipimo cha jinsi spika inavyoudhibiti mtetemo wake. Hesabu yake ina hatua kadhaa, programu za bure zitakufanyia.

Spika niliyonayo mezani ina Fs ya 36 Hz na Qts ya 0.42. Niliifunga juu ya sanduku la majaribio la lita 50 lisilovuja, kilele kikahamia 68 Hz. Gawanya 68 kwa 36, zidisha jibu kwa lenyewe, toa 1, zidisha kwa 50: lita 128 hivi. Hiyo ndiyo Vas, kiasi cha hewa chenye unyumbufu sawa na wa spika. Kwa sanduku lililofungwa lenye besi iliyotulia, yaani Qtc (Q ya spika ikiwa ndani ya sanduku) ya 0.707, inataka lita 70. Vipimo vya ndani vya sentimita 35 kwa 40 kwa 53 hutoa lita 74, na spika pamoja na mihimili hula kama lita 4.

Ukipendelea sanduku la tundu, bomba la maji lenye upana wa ndani wa sentimita 10 na urefu wa 20 litaufanya mtetemo wa asili wa sanduku hilo la lita 70 uwe karibu na 35 Hz. Ukilikata kuwa 10, mtetemo huo unapanda hadi 44.

Qts ikizidi 0.7, kama ilivyo kwa spika nyingi za radiogramu za zamani, achana na sanduku dogo lililofungwa. Ifunge kwenye ubao mpana ulio wazi nyuma.

Mbao za mvule zinapendeza, lakini zikiwa mbichi zitapasuka maungio. Chukua plaiwudi ya milimita 18 na ukague kingo zake. Penye mwanya ndani patatetema. Paka gundi kila ungio kwa ukamilifu, skrubu peke yake hazizuii hewa.

Sanduku lililofungwa likikauka, funga spika, sukuma koni ndani, ishikilie sekunde chache, kisha uiachie. Ikirudi polepole, uvujaji ni mdogo. Ikirudi ghafla, cheza sauti ya 25 Hz kwa nguvu ndogo, washa udi, upitishe kwenye maungio yote na pembeni mwa spika, hadi uone moshi unapopeperuka.