Vumbi Linalomsubiri Mtoto Kitandani

SWALI: Nafagia nyumba asubuhi na jioni, lakini mwanangu wa miaka 6 huamka akipiga chafya mfululizo, macho yakimwasha. Ikifika mchana ametulia. Nakosea wapi?

JIBU: Pole, mama. Saa za chafya hizo zinatufanya tushuku kitanda kabla ya sakafu. Kwenye godoro na mito huishi utitiri wa vumbi, jamii ya kupe, wenye urefu wa takriban robo milimita. Hawaumi, hula magamba ya ngozi yetu. Kinachochochea mzio zaidi ni vinyesi vyao, vinavyopeperuka kila mtoto anapojigeuza.

Fua shuka, foronya na blanketi kila wiki kwa maji ya nyuzi joto 60. Kwenye maji ya vuguvugu utitiri wengi hutoka wazima. Kama unafua kwa mkono, changanya maji yanayochemka sehemu tatu na ya bomba sehemu mbili, maana nguo na ndoo huyapoza mara moja. Loweka, funika, weka mbali na watoto, na usitie mkono mpaka yapoe.

Godoro livishe kava lililofumwa kwa kubana, lenye zipu, linalolizunguka lote. Mto nao uvishwe. Wengi huusahau, na ndiko pua inakolala usiku kucha! Kuanika juani ni kuzuri, kwa kuwa utitiri hawapendi ukavu, ila jua haliondoi vinyesi. Hata midoli ya manyoya ukiigandisha kwenye friza kwa saa 24, ifue baadaye.

Sasa ufagio. Ukifagia pakavu, vumbi laini huinuka, huelea, kisha hutua pale pale kitandani. Tumia kitambaa kibichi kilichokamuliwa, ukianzia juu: mapanga ya feni, juu ya kabati, fremu za dirisha, uvunguni, halafu udeki. Suuza kitambaa mara kwa mara, la sivyo unahamisha vumbi tu. Mtoto asirudi chumbani kabla ya nusu saa.

Akianza kukohoa usiku au kifua kutoa mlio, mpeleke kwa daktari. Usafi peke yake hautoshi.

SWALI: Nina mashine ya kufyonza vumbi, lakini nikimaliza kazi chumba kinanuka vumbi. Mbovu?

JIBU: Huenda ni nzima, ila inarudisha hewani vumbi laini inalofyonza. Kagua kwanza mfuko (usisubiri ujae pomoni), kisha mpira wa kifuniko kama umepasuka. Chujio likiwa la kawaida, tafuta mashine iliyotengenezwa kwa chujio la HEPA, linalonasa asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Kulichomeka kwenye mashine inayovuja pembeni hakusaidii, kwa sababu hewa hupita penye upenyo. Chujio lisiloruhusiwa kuoshwa usilioshe, libadilishe. Mfuko umwagie nje, ukiwa umevaa barakoa, na kapeti la chumba cha kulala, kama unaweza, liondoe kabisa.