Jibu: Kama madaktari wanapima kumbukumbu, mwanafalsafa anabaki na kazi gani?

Ndugu wa Kondele, umeuliza mwanafalsafa anatafuta nini kwenye kumbukumbu ilhali wanaopima ubongo wapo. Kazi ipo, tena inaanzia kwenye majaribio yenyewe.

Chukua Henry Molaison wa Marekani. Mwaka 1953 alipasuliwa ubongo kutibu kifafa, na tangu hapo mambo mapya hayakumkaa akilini. Lakini mwanasaikolojia Brenda Milner alipompa kuchora nyota akitazama kiooni tu, mkono wake ulizidi kuwa hodari siku baada ya siku, na kila mara yeye hakumbuki kuifanya kazi hiyo.

Sasa hizo ni kumbukumbu mbili, au moja yenye sura mbili? Dereva wa matatu anayekwepa mashimo njia nzima Nakuru hadi Kisumu huku akipiga soga, na makanga anayejua nani anadai chenji tangu Kericho: wote wawili "wanakumbuka"? Mwaka 1972 mwanasaikolojia Endel Tulving alitenganisha kukumbuka tukio na kujua jambo. Mwanafalsafa anauliza kama mpaka huo umo ubongoni au umeletwa na aina ya vipimo. Kwangu hilo ndilo zito, maana maabara mbili zaweza kubishana miaka mingi kumbe kila moja inapima kitu chake.

Pa kuanzia, tafuta makala ya mwaka 1966 ya wanafalsafa Martin na Deutscher. Wao walishikilia kwamba hujakumbuka mpaka tukio lenyewe liwe ndilo lililosababisha hilo wazo lako la sasa. Wapo wanaowapinga vikali.