Mtoto hali chakula cha usiku: irudishe kwanza hiyo chupa ya dawa

SWALI: Habari mtaalamu. Binti yangu ana miaka mitatu na nusu, ana kilo 13.5. Mwaka jana wakati kama huu alikuwa na 11.6. Usiku hagusi ugali wala mboga. Nikipika wali maharage, anaokota punje zisizoguswa na mchuzi. Mwishowe namkaangia chipsi zake peke yake ili asilale njaa. Maziwa anapenda: vikombe vitatu vikubwa kwa siku, cha mwisho saa kumi na moja jioni pamoja na biskuti. Dawa ya minyoo alipata mwezi uliopita. Jirani ameniletea dawa ya maji ya kuongeza hamu ya kula, anasema wa kwake alinenepa ndani ya wiki mbili. Nimpe kijiko kimoja au viwili? (Mama wa Kigamboni)

JIBU: Usimpe hata nusu kijiko, mama.

Kwa uzito, mwanao hana tatizo. Mtoto anayezaliwa na kilo 3 hufikisha kama kilo 9 anapotimiza mwaka. Baada ya hapo, hadi miaka mitano, huongeza kilo mbili hivi kila mwaka. Wako ameongeza 1.9. Mwili unaoongeza kilo mbili kwa mwaka haudai chakula kama ule ulioongeza sita, kwa hiyo ulaji hupungua wenyewe. Hapo ndipo kila mtu mtaani anapoanza kusema “mtoto hana hamu”.

Hamu anayo, sema inashibishwa kabla ya chakula. Kikombe kikubwa cha nyumbani hubeba mililita 300. Vitatu ni 900, karibu kalori 600. Mtoto wa uzito wake anahitaji kama 1,100 kwa siku nzima. Ongeza biskuti za jioni, halafu unamwekea ugali saa mbili usiku na kushangaa akiusukuma! Isitoshe maziwa ya ng'ombe hayana madini ya chuma ya kutosha, na mtoto anayeyategemea anaweza kuishia kupungukiwa damu, jambo ambalo nalo huua hamu ya kula. Yashushe hadi vikombe viwili vidogo, jumla isizidi mililita 500: kimoja asubuhi, kingine saa kumi. Baada ya saa kumi na moja ni maji tu. Chakula kiwe mezani saa moja, asiwe ameanza kusinzia.

Sasa jikoni. Pika chungu kimoja cha nyumba nzima, ila kila usiku kiwepo kitu kimoja ambacho tayari anakila. Kwake ni wali mkavu. Basi mpakulie wali upande huu, maharage upande ule, mchuzi kwenye kibakuli chake. Kinachomkera ni kuchanganywa. Kiasi ni kijiko kimoja cha chakula kwa kila mwaka wa umri, yaani vijiko vitatu vya kila kitu. Sahani iliyojaa humtisha, na akitaka zaidi ataomba. Chota cha kwake kabla hujatia pilipili.

Maharage yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, chemsha mpaka yapondeke kwa vidole, kisha uyaponde kidogo kwenye tui, kwa sababu watoto wengi hutema ganda. Mchicha chagua majani machanga, katakata membamba. Kaanga kitunguu na nyanya mpaka harufu ya ubichi iishe, tia mchicha bila maji, acha wazi dakika tatu au nne, malizia na vijiko viwili vya karanga zilizosagwa. Ukiufunika ukauacha robo saa, hugeuka rangi ya kahawia, ukalainika na kutoa harufu kali. Hata mimi nisingeula. Dagaa ondoa vichwa na matumbo, maana uchungu uko humo. Loweka dakika tano kwenye maji ya vuguvugu, chuja, kaanga mpaka wawe wakavu na wa kukwaruza. Mtoto anayekimbia dagaa wa mchuzi mara nyingi huwatafuna hao kwa mkono.

Kazi yako inaishia kwenye kuchagua chakula, saa na mahali. Ale au asile, kiasi gani, hiyo ni juu yake. Baada ya nusu saa ondoa sahani bila neno, na chipsi zisikaangwe. Siku za mwanzo atalia. Kati ya miaka miwili na sita watoto huogopa chakula wasichokizoea, na mara nyingi huhitaji kukiona mezani mara kumi au zaidi kabla ya kukionja. Akina mama wengi hukata tamaa mara ya tatu. Chipsi zenyewe si haramu: pika siku moja ya wiki, wale wote. Zikiwa zawadi ya kumaliza mboga, umeshamfundisha kwamba mboga ni adhabu. Na kumbana pua ili ameze ni hatari, chakula kinaweza kupitia njia ya hewa.

Nirudi kwenye chupa ya jirani, kwa sababu swali hili naulizwa kila wiki, na kila mara chupa imeshafunguliwa. Dawa nyingi za aina hiyo zina saiproheptadini. Hiyo ni dawa ya mzio. Huzuia kemikali zinazoupa ubongo habari ya shibe, ndiyo maana mtoto hula. Pia humfanya asinzie, humkausha mdomo na kumletea choo kigumu. Ukiacha kuitumia, ulaji hurudi pale pale, maana maziwa ya saa kumi na moja hayajaguswa. Wapo watoto wachache wagonjwa ambao daktari huwaandikia, akijua sababu na muda. Binti yako si mmoja wao.

Vibaya zaidi ni vidonge vinavyofungwa kwenye karatasi bila jina, “vya kunenepesha”. Deksamethasoni na prednisoloni, dawa zinazoiga homoni ambayo mwili hujitengenezea, hutumika sana mtaani kwa kazi hiyo. Mashavu yanayojaa ndani ya wiki mbili ni maji na mafuta, na bibi akiyaona anafurahi. Wakati huo urefu unadumaa, kinga inashuka, sukari inaweza kupanda. Anayeuza anajua kwamba utakaporudi kulalamika, atakuuzia kingine. Dawa ya minyoo nayo isigeuzwe ya hamu: kila baada ya miezi sita inatosha, kuirudia kila mwezi hakumpi mtoto njaa.

Wa kupelekwa kituo cha afya ni mtoto ambaye mstari wa kadi yake haujapanda miezi miwili mfululizo, mwenye mzunguko wa mkono, kati ya bega na kiwiko, chini ya sentimita 12.5 akiwa na miezi sita hadi miaka mitano, mwenye viganja vyeupe, anayekula udongo, anayepaliwa mara kwa mara, au ambaye vyakula alivyokuwa akila vinapungua kimoja kimoja. Huko atapimwa damu.

Kama kuna anayesoma hapa na tayari amempa mtoto vidonge vya karatasi kwa wiki kadhaa, asivikatishe ghafla. Tezi zinazotengeneza homoni inayoigwa na vidonge hivyo huwa zimelala, na mtoto anaweza kuzidiwa akipata hata homa ndogo. Chukua vilivyobaki, na karatasi yake, nenda navyo hospitali leo, umweleze daktari alianza lini na anameza vingapi. Atampunguzia taratibu.