Pleko anakonda, oska ana mabaka: maswali ya wafugaji wa samaki wa tenki

SWALI: Habari fundi. Nina tenki la futi 4 urefu, futi moja na nusu upana na kina hivyohivyo, ndani kuna oska wawili wa inchi 8 (wale samaki wakubwa wapana) na pleko mmoja wa inchi 6 (yule samaki wa chini anayeganda kwenye kioo kwa mdomo). Pleko nilivyomnunua niliambiwa huyu ndo mfagiaji, hana haja ya chakula, anakula uchafu wa wenzake, basi mi nikawa nawapa oska tu punje zao asubuhi na jioni. Sasa wiki mbili hizi oska mmoja ana mabaka meupe ubavuni kama amekwanguliwa, na usiku nikimulika na tochi ya simu namkuta pleko kamganda hapohapo. Mke wangu anasema tumtoe pleko maana mkorofi. Nisaidie kaka, wote nawapenda. (Msomaji, Temeke, Dar es Salaam)

JIBU: Pole kaka, na hongera kwa kumulika usiku, wengi hatumuliki. Kabla ya yote nenda pale tenkini usubiri pleko agande kwenye kioo cha mbele halafu mwangalie tumbo. Aliyeshiba tumbo linakuwa bapa au limetuna kidogo, mwenye njaa limebonyea kwa ndani kama kiganja ulichokikunja kidogo, na macho yanaanza kuzama. Kwa ulivyoeleza mi sioni ukorofi hapo, naona njaa.

Hilo neno la mfagiaji limeua pleko wengi sana, na wa kwangu wa kwanza alikufa hivyohivyo, nilimkuta asubuhi kalala chali mwepesi kama ganda. Pleko hali kinyesi cha samaki wenzake, tena yeye mwenyewe anatoa choo kingi, zile nyuzi ndefu za kahawia unazoziona zinaning'inia ni zake. Anachokula ni ule utelezi wa kijani kwenye vioo na mawe, na pleko wa inchi 6 anaumaliza wote kwenye tenki lako kwa siku chache tu afu anabaki hana kitu. Oska nao ni walafi, punje haifiki chini. Sasa usiku oska amelala chini, mara nyingine kajiinamisha upande, hana habari, na mwili wake una ute ambao kwa mwenye njaa ni chakula, ndo anaganda na kukwangua. Akishazoea ute kumwachisha ni kazi, kwa hiyo anza leo usiku.

Oska wape chakula chao jioni kama kawaida washibe, zima taa, subiri kama nusu saa giza liingie vizuri, ndo umpe pleko cha kwake. Tango, mumunye, boga au kiazi kitamu, kipande kinene kama kidole, chovya kwenye maji yanayochemka dakika mbili tatu kilainike, kipoe, kichome na uma wa steli kizame. Mchicha pia anakula ila funga majani na jiwe. Mara tatu nne kwa wiki ongeza vile vidonge vya kuzama vya samaki wa chini, na mara mojamoja kipande kidogo cha kamba mbichi, nyama ya ng'ombe yenye mafuta achana nayo. Asubuhi toa mabaki yote, yakikaa yanaozesha maji. Usiku wa kwanza anaweza asiguse kabisa, usikate tamaa, rudia kesho, na siku utakapotoa kipande cha tango na kukuta katikati kimekwanguliwa chote limebaki ganda la kijani tu kama pete utajua kaanza.

Oska akimpora, tafuta bomba la plastiki la inchi 4, likate urefu wa futi moja, lilaze chini na chakula kiweke humo ndani. Pleko anaingia, oska wa inchi 8 kwa mwili wake mpana anapata shida kuingia, afu ndo pango lake la mchana hilohilo. Gogo kavu ukipata ni zuri pia, anapenda kulikwangua, ila liloweke kwanza wiki kadhaa manake linageuza maji rangi ya chai.

Mabaka ya oska yatajifunga yenyewe maji yakiwa safi: badilisha theluthi kila wiki, na maji ya bomba yaondoe klorini kabla hujamimina. Kama yanaota kitu kama pamba, au kichwani kunatokea vitundu, hilo tatizo jingine, niandikie tena. Na kama unamtenga pleko siku chache usimvue kwa wavu, miiba ya mapezi yake inanasa na unaweza kumchana, mswage taratibu aingie kwenye bakuli chini ya maji.

Moja la mwisho ambalo hutalipenda. Tenki lako ni kama lita 255, na pleko wa kawaida anafika inchi 12 hadi 18, oska nao inchi 12. Watatu hao wakikua wanataka futi 6 kwa 2 kwa 2, karibu lita 680. Kama nafasi hiyo huna, bora ubadilishe uchukue pleko mwenye ndevu, yule anaishia inchi 5 au 6, ila mpate ambaye tayari ni mkubwa, mdogo oska atajaribu kummeza na ile miiba itamkwama kooni, wanaweza kufa wote wawili.

SWALI: Pleko wangu kafika futi moja na kitu, tenki halimtoshi. Naweza kumwachia mto Sabaki akaishi kwa uhuru? (Msomaji, Kilifi)

JIBU: Hapana dada/kaka, tafadhali usifanye hivyo. Huyu kwao ni Amerika Kusini. Kule Mexico aliingia kwenye bwawa la Infiernillo, lililokuwa na uvuvi mkubwa wa perege, akazaana mpaka wavuvi wakawa wanavuta nyavu zimejaa pleko na zimechanika, tena anachimba mashimo kwenye kingo zikabomoka. Mrudishie aliyekuuzia au mpe mtu mwenye bwawa la saruji nyumbani lisilofurika mvua ikinyesha, na ukimpeleka mbebe kwenye ndoo yenye mfuniko, anaruka.