Unayeanza kufuatilia bajeti ya kaunti, anza Agosti

Wakazi wengi hukutana na ushiriki wa umma kwa mara ya kwanza katika kikao cha Mei. Tangazo hubandikwa kwenye ofisi ya wadi, watu wanafika, wanaomba barabara, maji na dawa. Julai ikifika, hakuna ombi hata moja lililoingia kwenye bajeti. Wengine hapo hukata tamaa na kuapa kutorudi. Kosa mara nyingi ni la kalenda: kufikia Mei, sehemu kubwa ya bajeti imeshakaa sawa.

Mwaka wa fedha wa kaunti za Kenya huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imepanga hatua zake kwa tarehe. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ambao maafisa huuita ADP, unafaa kufika katika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1 kupita. Mpango huo hutaja miradi ya mwaka wa fedha unaofuata, miezi kumi kabla haujaanza, na wenyewe huchotwa kutoka CIDP, mpango wa miaka mitano. Kufikia Februari 28, hazina ya kaunti huwasilisha Taarifa ya Mikakati ya Fedha, ndiyo CFSP, inayoweka kiwango cha juu cha fedha kwa kila idara. Bunge lina siku 14 za kuijadili. Makadirio ya bajeti yenyewe huwasilishwa kufikia Aprili 30, kisha kamati ya bajeti inatoka kuchukua maoni.

Kwa hiyo mradi mpya hupiganiwa Agosti, ADP inapoandaliwa. Fedha zaidi kwa idara nzima, tuseme afya au maji, hupiganiwa Februari. Kazi ya Mei ni kulinda kilichoingia na kuhamisha fedha zilizowekwa pasipofaa. Sheria inataka kila nyongeza itakayofanywa na bunge ifidiwe na punguzo mahali pengine, na mabadiliko yasiende kinyume na CFSP. Ukisema tu "tunataka Sh3 milioni za dawa", karani ataandika na habari itaishia hapo. Sema hivi badala yake: "Ukurasa huu, idara ya afya, kuna Sh8 milioni za warsha na usafiri. Tunapendekeza Sh3 milioni kati ya hizo zihamishiwe dawa za zahanati." Hapo kamati ina kitu cha kupigia kura, na kwa kuwa fedha hazijatoka nje ya idara ya afya, kiwango cha idara hakijaguswa.

Kabla ya kuandika lolote, hakikisha unabisha mlango unaostahili. Jedwali la Nne la Katiba limegawa majukumu. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, masoko, huduma za maji, kilimo na barabara za kaunti ni za serikali ya kaunti. Shule za msingi na sekondari, polisi na barabara kuu ni za serikali ya kitaifa. Madarasa ya shule ya msingi yaulizie NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneobunge, kwa mbunge wenu. Barabara ndizo huwachanganya watu zaidi, maana njia mbili zinazokutana sokoni zaweza kuwa moja ya kaunti na nyingine ya KeRRA, mamlaka ya kitaifa ya barabara za vijijini. Muulize mhandisi wa barabara wa kaunti ndogo kabla ya kikao; ombi lililoelekezwa kwa serikali isiyohusika hufutwa bila mjadala, na mwaka mzima unapotea.

Maoni ya maandishi yana uzito kuliko hotuba. Ukurasa mmoja watosha: jina la wadi, waraka unaouzungumzia na ukurasa wake, tatizo kwa sentensi mbili, unachotaka kwa vipimo, na fedha zitoke wapi. Usiandike "barabara yetu ikarabatiwe". Andika inaanzia wapi na kuishia wapi, ni kilomita ngapi, vivuko vingapi vinahitaji kalvati, na nani wanaitumia. Peleka nakala mbili kwa karani wa bunge la kaunti au kwa msimamizi wa wadi, kutegemea nani ameitisha maoni. Moja ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Bila muhuri huo, mtu akikuambia barua haikufika huna la kumwonyesha.

Ukumbini, utapewa dakika mbili au tatu. Anza na pendekezo. Shukrani na itifaki humaliza muda wa wengi kabla hawajafika kwenye jambo lenyewe. Soma kichwa cha karatasi ya mahudhurio kabla ya kusaini, kwa sababu orodha hiyo hutumika baadaye kuthibitisha kwamba umma ulishirikishwa. Kama hamkupewa waraka wowote wa kusoma kabla ya kikao, semeni hivyo kwa sauti na mhakikishe imeandikwa kwenye kumbukumbu. Kuomba maoni kuhusu makadirio ambayo watu hawajayaona ni kuwanyima haki yao, na inafaa kupingwa papo hapo, kwa heshima lakini bila kulegea.

Waraka ukikosekana, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Unaweza kuomba kwa Kiswahili au Kiingereza, na kutuma ombi hakutozwi ada. Gharama ya kutoa nakala ndiyo unayoweza kudaiwa. Taja waraka mmoja kwa jina na mwaka. Anayeomba "habari zote kuhusu miradi ya wadi" humpa afisa sababu ya kuchelewa. Jibu linafaa kutoka ndani ya siku 21, na afisa anaweza kuongeza 14 mara moja tu. Ukinyimwa, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayoitwa ofisi ya Ombudsman.

Bajeti ikipitishwa, usiondoke. Mradi unaweza kuwa umeandikwa na bado usianze: fedha kutoka Nairobi hucheleweshwa, madeni ya wanakandarasi wa miaka iliyopita hulipwa kwanza, au bajeti ya ziada katikati ya mwaka huuondoa kimyakimya. Hiyo bajeti ya ziada iulizie kila unapomwona MCA wenu, mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti. Hazina ya kaunti hutoa ripoti kila robo mwaka, na Msimamizi wa Bajeti huchapisha ripoti za kaunti zote 47. Linganisha kilichotengwa na kilichotumika.

Mkandarasi akiingia, kamati ya mradi iitishe BQ, orodha ya vipimo na bei za kazi. Chukua barabara ya changarawe: BQ ikisema sentimita 15, hiyo kwa kawaida ni baada ya kushindiliwa. Changarawe iliyomwagwa tu huonekana nene, na hapo ndipo wakazi hudanganywa. Ngojeni rola imalize, kisha mwombe mhandisi achimbe vishimo vidogo katikati na pembeni, mpime kwa rula mbele yake. Pembeni ndiko hupunguzwa zaidi. Hesabuni kalvati pia, mpime na kipenyo. Tofauti yoyote iandikwe siku hiyohiyo na ipelekwe kwa mhandisi kabla cheti cha malipo hakijatiwa saini. Fedha zikishatoka, kumrudisha mkandarasi barabarani ni kazi ngumu mno.